Mazao ya GMO na afya yako: jeni gani, ya kazi gani?

GMO ni nini, na kipi si GMO?

Ni mmea uliopachikwa jeni moja au chache kwa kazi maalumu, mara nyingi kutoka kwa kiumbe kisichoweza kuzaliana nao. Jeni ni maelekezo ya kutengeneza protini. Mahindi yana jeni zaidi ya 30,000, na mbegu ya GMO huongezewa kidogo sana juu ya hizo. Kazi ya kupachika hufanywa zaidi na Agrobacterium, bakteria wa udongoni ambaye kwa asili yake huingiza jeni zake ndani ya mimea. Mwaka 2015 watafiti waligundua kwamba viazi vitamu vinavyolimwa duniani vina vipande vya jeni za bakteria huyo, vilivyoingia vyenyewe zamani sana kabla ya kuwepo maabara yoyote.

Mbegu chotara si GMO. Tikiti lisilo na mbegu si GMO. Kuku wa kisasa anayekua haraka si GMO. Hayo yote yametokana na kuchagua wazazi na kuwachanganya.

Yanalimwa wapi, na kwa kiasi gani?

Kilimo chake kikubwa kilianza 1996 kwa hekta milioni 1.7 hivi. Kufikia 2019 yalikuwa yamefika hekta milioni 190.4 katika nchi 29, ingawa Marekani, Brazil na Argentina pekee zilibeba zaidi ya robo tatu ya eneo hilo. Karibu yote ni mazao manne: soya, mahindi, pamba na kanola (mmea wa mbegu za mafuta). Sehemu kubwa ya soya na mahindi hayo huliwa na mifugo, na pamba ni ya nguo na mafuta. Mengine ni machache: papai la Hawaii linalostahimili virusi (1998), biringanya ya Bangladesh (2013), kunde za Nigeria (2019).

Kwa hiyo swali la "je, GMO ni salama?" ni pana mno kujibika. Uliza jeni gani imewekwa, inatengeneza nini, na nani atakutana na kitu hicho.

Mahindi ya Bt yana protini inayoua viwavi. Itaniacha mimi salama?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote. Protini hizo huitwa Cry, na jeni zake zimetoka kwa bakteria wa udongoni, Bacillus thuringiensis (kifupi Bt), ambaye wakulima wa kilimo hai wamekuwa wakimnyunyizia mimea kwa miongo mingi. Protini ya Cry haiui kwa kugusa. Lazima ifike kwenye utumbo wa kiwavi, ambao una hali ya alkali, pH inayozidi 9. Huko inakatwa na kuamshwa, kisha inashikamana na vipokezi maalumu kwenye ukuta wa utumbo na kuutoboa. Kiwavi anaacha kula, na baada ya siku chache anakufa.

Tumbo la binadamu lina asidi, pH kama 1.5 hadi 3, na utumbo wetu hauna vipokezi hivyo. Katika vipimo vya maabara vinavyoiga tumbo, protini nyingi za Cry zinazotumika katika chakula huvunjika ndani ya dakika chache kama protini nyingine. Kwa kukosa vipokezi vinavyofaa, mdudu wa kundi jingine, kwa mfano nyuki, naye haathiriki na Cry iliyochaguliwa kwa ajili ya viwavi.

Nikila jeni ya kigeni, haitaingia mwilini mwangu?

Kila mlo una mabilioni ya nakala za jeni za mimea, wanyama na bakteria. Zinameng'enywa. Kula ng'ombe maisha yote hakujamwotesha mtu pembe.

Vipi kuhusu mzio?

Hapa hofu ina msingi, kwa sababu mzio husababishwa na protini, na GMO huongeza protini mpya. Miaka ya 1990 kampuni moja iliweka jeni ya njugu za Brazil ndani ya soya ili kuboresha lishe ya mifugo. Vipimo vya damu za watu wenye mzio wa njugu hizo vikaonyesha kwamba protini iliyohamishwa ndiyo ile inayowadhuru. Matokeo yakachapishwa 1996, na soya hiyo haikufika sokoni.

Mahindi ya StarLink yalikuwa na protini ya Cry9C, ambayo huchelewa kuvunjika katika asidi. Kwa sababu hiyo Marekani iliyaruhusu kwa chakula cha mifugo tu. Mwaka 2000 yakakutwa kwenye chakula cha watu na bidhaa zikaondolewa madukani. Damu za watu 28 waliodhaniwa kupata mzio zilipopimwa, hakukupatikana ushahidi kwamba Cry9C ndiyo chanzo. Funzo lilibaki palepale: kibali cha mifugo tu ni kibali kibovu, kwa sababu nafaka huchanganyika ghalani na garini.

Miongozo ya 2003 ya Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, inataka mambo kadhaa yapimwe kwa pamoja: chanzo cha jeni, kufanana kwa protini na vizio vinavyojulikana (35% au zaidi katika kipande cha amino asidi 80 ni kengele ya hatari), uvunjikaji wake katika asidi na pepsini (kimeng'enya cha tumboni), na pale inapohitajika, damu za watu wenye mzio. Hakuna kipimo kimoja kinachotosha peke yake.

Na zile picha za panya wenye uvimbe?

Zilitoka katika utafiti wa Ufaransa uliochapishwa 2012. Panya waliotumika ni wa ukoo ambao wengi wao huota uvimbe wakizeeka hata bila GMO, na kila kundi lilikuwa na panya 10 tu wa kila jinsia. Kwa idadi hiyo huwezi kutenganisha athari na bahati. Jarida liliuondoa utafiti huo 2013. Taasisi za kitaifa za sayansi za Marekani zilipitia mamia ya tafiti na kutoa ripoti 2016: hazikuona ushahidi kwamba vyakula vya GMO vilivyopo sokoni ni hatari zaidi kuliko vya kawaida.

Faida kiafya iko wapi basi?

Iko zaidi shambani kuliko kwenye sahani, na wengi hawaioni kwa sababu ni faida ya kitu kilichopungua.

Cha kwanza ni sumukuvu. Funza anapotoboa hindi, anafungua mlango kwa kuvu wa Fusarium, ambaye hutengeneza fumonisini. Sumu hii huvuruga matumizi ya folati (aina ya vitamini B) mwilini na imehusishwa na watoto kuzaliwa na mgongo wazi, pia na saratani ya umio. Mahindi ya Bt hutobolewa kidogo, hivyo kuvu hukosa pa kuingilia. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliojumlisha tafiti za zaidi ya miaka 20 ulikuta fumonisini ikiwa pungufu kwa karibu 31%. Lakini usitegemee Bt kwa aflatoksini, sumukuvu nyingine. Kuvu wake huchochewa na ukame, joto na unyevu wa ghalani. Hata mahindi ya Bt yakihifadhiwa yakiwa na unyevu wa zaidi ya 13.5% yanaweza kuoza na kujaa sumu.

Cha pili ni dawa za wadudu. Uchambuzi mwingine wa tafiti 147, wa mwaka 2014, ulikuta matumizi ya dawa za kilimo yamepungua kwa 37% na mavuno kuongezeka kwa 22%. Upungufu mkubwa ulikuwa kwenye mazao yanayojikinga na wadudu. Anayefaidika wa kwanza ni anayebeba bomba mgongoni: nchini China na India, wakulima wa pamba ya Bt waliripoti visa vichache vya kupata sumu ya dawa.

Na mazao yanayostahimili dawa ya magugu?

Hapa picha inabadilika. Glifosati, mojawapo ya dawa hizo, huziba kimeng'enya ambacho mimea inacho na wanyama hawana. Mmea wa GMO umepewa toleo lisilozibika. Mkulima hunyunyiza shamba zima, magugu yakafa, zao likabaki. Halimi sana, na udongo hautifuliwi. Ila matumizi ya glifosati yenyewe yalipanda, na magugu sugu yakaibuka.

Shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka glifosati mwaka 2015 katika kundi 2A, "huenda ikasababisha saratani", kundi moja na nyama nyekundu. Mamlaka za udhibiti za Ulaya na Marekani zinasema haielekei kusababisha saratani kwa viwango vinavyotumika. Tofauti ni kwamba la kwanza hutazama kama kitu kinaweza kudhuru, wengine hutazama kiasi kinachomfikia mtu. Mnyunyizaji hupokea dozi kubwa kuliko mlaji. Avae glavu na buti za mpira, asinyunyize akielekea upepo, aoge kabla ya kula.

Mchele wa dhahabu umefikia wapi?

Umewekewa jeni za kutengeneza beta-karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A. Ulitangazwa 2000, ukaboreshwa 2005 kwa jeni ya mahindi. Ufilipino iliruhusu kilimo chake 2021, kisha mahakama ya rufaa ikafuta kibali Aprili 2024. Usalama wake umepita kwa wakaguzi wa nchi kadhaa. Kilichouchelewesha zaidi ni siasa na sheria.

Kinga ya Bt hudumu?

Hudumu ikitunzwa. Sehemu ya shamba, kwa kawaida kati ya 5% na 20% kutegemea mbegu, hupandwa mbegu isiyo na Bt. Wadudu wanaokulia pale hubaki dhaifu mbele ya Bt, nao hujamiiana na wachache sugu, hivyo usugu hauenei upesi. Wakulima wanaopuuza sehemu hiyo hulipa baadaye: funza wa mabua wa Afrika Kusini alishinda protini ya Cry1Ab, na funza wa waridi wa pamba akashinda protini mbili nchini India. Dawa ya wadudu inarudi shambani, na faida ya kiafya inapotea nayo.

Nitajuaje kama chakula kina GMO?

Kwa macho au ulimi, huwezi. Soma lebo. Umoja wa Ulaya unataka itajwe ikizidi 0.9% ya kiungo. Marekani imelazimisha lebo tangu 2022. Mafuta na sukari vilivyosafishwa kiwandani kwa kawaida havina protini wala jeni za kupimika, hata zao likiwa GMO. Mwenye mzio wa soya aepuke soya zote, za GMO na za kawaida, kwa sababu vizio vya asili vya soya vimo katika zote mbili.