Matangazo yanayoruka kwenye kivinjari: tunayoambiwa na ukweli wenyewe

Shangazi yangu anauza vitenge Morogoro, na karibu biashara yake yote iko kwenye simu: picha za doti mpya, namba za wateja, nani kalipa nusu. Mwaka jana simu ikaanza kulia kila baada ya dakika chache. "Simu yako ina virusi 13!" "Hongera, umeshinda!" Nyingine zilikuwa na picha ambazo alizifunika kwa kiganja nilipomwomba nione. Alikuwa ameshampelekea fundi na kulipa shilingi 15,000. Simu ikaflashiwa, picha zote zikaenda. Siku mbili baadaye matangazo yakarudi. Alichoambiwa na fundi hakikuwa kweli, na wanaoambiwa hivyo ni wengi. Haya ndiyo maneno tunayoambiwa, na ukweli wake.

"Hivyo ni virusi, lazima iflashiwe."

Mara nyingi hakuna kirusi chochote. Tangu 2015 Chrome, kivinjari cha Google, inaziruhusu tovuti kukutumia arifa hata ukiwa umezifunga, ili mradi uliwahi kubonyeza Ruhusu. Kwa tovuti ya habari hiyo ni huduma nzuri. Matapeli wameigeuza mtego: unafungua ukurasa, unaona video isiyoanza, na chini yake maandishi, "Bonyeza Ruhusu kuthibitisha kuwa wewe si roboti." Hapo hakuna kinachothibitishwa. Umetoa kibali tu. Kwa shangazi ilikuwa tovuti ya kupakua tamthilia. Simu ilipotoka kwa fundi alirudi kumalizia vipande vilivyobaki, akabonyeza tena palepale.

Fungua Chrome, gusa nukta tatu juu kulia, ingia Mipangilio, kisha Mipangilio ya tovuti, kisha Arifa. Kwake nilikuta tovuti 11 zilizoruhusiwa, majina yake kama herufi zilizomwagwa mezani, na hakuna hata moja aliyoitambua. Tulizizuia zote kwa dakika zisizofika tano, bila kufuta kitu kingine.

Ila matangazo yakijaza kioo kizima wakati hata kivinjari hujakifungua, hapo tafuta programu uliyopakua karibuni. Anza na za tochi na za "kusafisha simu", na uangalie zipi zina ruhusa ya kuonekana juu ya programu nyingine.

"Weka antivirasi, itaiona."

Itaona nini, wakati kibali ulikitoa mwenyewe? Tena tangazo linalokutisha kuwa una virusi mara nyingi ndilo linalokuuzia hiyo antivirasi. Usiliguse.

"Kiendelezi kimetoka duka rasmi, kwa hiyo ni salama."

Kiendelezi ni programu ndogo unayoiongeza kwenye kivinjari. Siku ulipokiweka huenda kilikuwa salama. The Great Suspender kilikuwa kiendelezi cha Chrome cha kupumzisha kurasa zisizotumika, kikiwa na watumiaji zaidi ya milioni 2. Mwaka 2020 aliyekimiliki alikiuza. Februari 2021 Google ikakiondoa dukani na kukizima kwenye kompyuta za watu, kwa sababu kilikuwa na msimbo hasidi, yaani maelekezo ya siri yenye nia mbaya. Viendelezi hujisasisha kimyakimya, kwa hiyo mwenye mali akibadilika wewe huna habari. Usichokitumia kitoe.

"Laptop ni mpya kutoka kiwandani, haiwezi kuwa na matangazo hayo."

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, maana mnunuzi hakubonyeza kitu. Kuanzia 2014 Lenovo iliuza baadhi ya laptop zake zikiwa tayari na programu ya matangazo iitwayo Superfish. Ili ipenyeze matangazo hata kwenye kurasa zenye alama ya kufuli, iliweka ndani ya Windows cheti chake cha usalama, yaani kitambulisho kinachokihakikishia kivinjari kuwa tovuti ni ya kweli, na ufunguo wa siri wa cheti hicho ulikuwa mmoja kwa mashine zote. Februari 2015 mtaalamu mmoja wa usalama aliuchomoa. Nenosiri lililoulinda lilikuwa "komodia", jina la kampuni iliyotengeneza teknolojia hiyo. Maana yake, aliyekaa nawe kwenye Wi-Fi moja ya mgahawa angeweza kujifanya benki yako, na kivinjari chako kikakubali. Mwaka 2017 Lenovo ilifikia makubaliano na tume ya biashara ya Marekani, FTC, pamoja na majimbo 32, na kulipa dola milioni 3.5.

"Nimeshaifuta, yamekwisha."

Waliofuta Superfish kwa njia ya kawaida waliondoa programu, cheti kikabaki. Kuna na ujanja mwingine mdogo zaidi. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya ikoni ya Chrome kwenye Windows, fungua sifa zake, usome mstari unaoonyesha faili lilipo. Unatakiwa uishie na chrome.exe na alama ya kufunga nukuu. Ukikuta anwani ya tovuti imebandikwa baada ya hapo, ndiyo sababu kila ukifungua kivinjari unapelekwa kusikojulikana, hata ubadilishe ukurasa wa mwanzo mara ngapi. Ifute hiyo anwani. Kama umesawazisha akaunti yako, yaani kompyuta zako zinashirikiana mipangilio ya kivinjari, kitoe kiendelezi kibaya kwenye kila kompyuta unayotumia, la sivyo kitarudi.

"Anayeletewa picha chafu ndiye anayezitafuta."

Hapana. Ukishabonyeza Ruhusu, mwenye tovuti anakutumia chochote anacholipwa kukutumia, hata kama ulifuata tamthilia, mpira au kaswida. Shangazi alikuwa amekaa na simu hiyo wiki tatu, akiizima kila mjomba akiingia sebuleni. Nilipompa orodha ya zile tovuti 11 akaisoma mpaka mwisho, akaniuliza, "Kwa hiyo si mimi?" Nikamwambia, "Si wewe, shangazi." Akamwita mjomba aje aione.