Je, wajua kwa nini kitabu cha majedwali kinaishia nyuzi 90?

Fungua kitabu cha majedwali cha sekondari, ukurasa wa sini. Namba zinaanzia nyuzi 0, zinashuka mpaka 90, basi. Lakini mtihani unauliza sini ya 150, kosini ya 240. Zimo wapi?

Wengi tulianza sini kwa pembetatu mraba: upande unaokabili pembe, gawa kwa kiegama. Hapo ndipo akili inapokwama. Pembetatu mraba haiwezi kubeba pembe ya 150, maana zote tatu jumla yake ni 180 na moja imeshachukua 90.

Chukua karatasi ya grafu na bikari. Kitovu kiwe pale mihimili inapokatana, kisha chora duara lenye nusukipenyo cha sentimita 10. Hizo sentimita 10 zihesabu kuwa kizio 1. Anzia kulia kwenye mhimili wa x, pima nyuzi 30 ukipanda kinyume cha mshale wa saa, weka nukta juu ya duara. Kimo cha nukta hiyo ndicho sini. Umbali wake kwenda kulia ndio kosini. Rula itasoma kimo cha sentimita 5, yaani 0.5, na umbali wa karibu sentimita 8.7.

Kwa nini nusu kamili? Weka nukta nyingine nyuzi 30 chini ya mhimili, uziunganishe zote mbili, kisha kila moja na kitovu. Umepata pembetatu yenye nyuzi 60 kwenye kitovu na pande mbili zilizo sawa. Basi na wa tatu, ule wa wima, ni kizio 1. Mhimili unaukata katikati.

Endelea hadi 150. Nukta sasa iko kushoto, imebakiza nyuzi 30 kuufikia mhimili. Ni ile ya kwanza iliyojiona kwenye kioo: kimo hakijabadilika, sini ni 0.5, ila kosini imegeuka −0.866. Zile alama za kujumlisha na kutoa tunazokaririshwa hazina siri nyingine: juu au chini, kulia au kushoto. Tanjenti ni sini gawa kwa kosini, ndiyo maana nyuzi 90 hazina tanjenti. Pale kosini ni 0.

Tena duara si ujanja wa juzi. Aryabhata, mwanahisabati wa India aliyezaliwa mwaka 476, alitengeneza jedwali la hatua 24 kwa kupima nusu ya mstari kama ule wetu wa wima, kwenye duara lenye nusukipenyo cha 3438. Nalo liliishia 90.

Sini ya nyuzi 1000, je? Toa mizunguko miwili, 720, zimebaki 280. Uko chini, upande wa kulia, umebakiza 80 kurudi ulipoanzia. Soma mstari wa 80: 0.9848. Kwa kuwa uko chini ya mhimili, weka alama ya kutoa.