Riba halisi ni ipi hasa, na inagusaje dhahabu na hisa za teknolojia?

Kila mfumuko wa bei unapopanda, sentensi moja hurudi kwenye vipindi vya uchumi na kwenye makundi ya wawekezaji: "Mfumuko umepanda, kwa hiyo riba halisi imeshuka, nunua dhahabu." Husemwa kwa uhakika mkubwa, na nimeisikia mara nyingi mno kuweza kunyamaza. Mwaka 2022 iliwagharimu watu fedha. Mwezi Juni mwaka huo mfumuko wa bei wa Marekani ulifika asilimia 9.1, kiwango ambacho hakikuonekana kwa miaka 40. Dhahabu, iliyokuwa imepita dola 2,000 kwa wakia mwezi Machi, haikupanda pamoja nao. Ilishuka hadi karibu dola 1,630 kabla mwaka haujaisha.

Sasa rudi nyuma miaka miwili. Agosti 2020 dhahabu ilivuka dola 2,000 kwa mara ya kwanza katika historia, wakati mfumuko wa bei wa Marekani ulikuwa chini ya asilimia 2. Mfumuko mdogo, dhahabu juu. Mfumuko mkubwa, dhahabu chini. Anayeshikilia sentensi ile hana namna ya kuyaeleza mambo haya mawili kwa pamoja. Anayeijua riba halisi anayaeleza bila shida.

Riba halisi ni riba inayobaki ukishaondoa mfumuko wa bei. Ukimkopesha mtu shilingi 100,000 kwa asilimia 10, mwakani atakurudishia 110,000. Ikiwa bei za vitu nazo zimepanda kwa asilimia 10, fedha hiyo itanunua mchele ule ule ambao ungeununua leo kwa laki moja, basi riba uliyotajiwa ni 10 lakini riba halisi ni sifuri. Bei zikipanda kwa asilimia 14, riba halisi ni hasi: umemkopesha mtu, na juu yake umemlipa.

Hilo kila mtu analikubali. Ugomvi unaanzia kwenye swali dogo ambalo watu hulipita haraka: unaondoa mfumuko upi?

Wengi huchukua ule uliotangazwa juzi na ofisi ya takwimu. Lakini takwimu ile inapima bei za miezi 12 iliyopita, na mkopo ni ahadi ya siku zijazo. Anayenunua leo hatifungani ya miaka 10 (karatasi ya kuikopesha serikali) hawezi kufanya lolote kuhusu bei za mwaka jana, zimeshampita. Anachokipima ni bei zitakavyokwenda katika miaka 10 ambayo fedha yake itakuwa imefungwa. Kwa hiyo riba halisi inayosukuma masoko ni riba iliyotajwa ukitoa mfumuko *unaotarajiwa*. Ukitoa uliopita, umepata namba ya kihistoria, yenye manufaa yake, lakini hakuna anayenunua wala kuuza kwa namba hiyo.

Aliyelipanga jambo hili kwa ufasaha ni Irving Fisher, mchumi wa Marekani aliyefundisha Chuo Kikuu cha Yale, katika kazi yake ya mwaka 1896. Napenda kurudi kwake kwa sababu hakuanzia kwenye kapu la bidhaa kama tunavyofanya leo. Alianzia kwenye madini. Serikali ya India, chini ya Waingereza, ilikuwa na madeni ya aina mbili yaliyouzwa London. Aina moja ililipwa kwa dhahabu. Nyingine ililipwa kwa rupia, na rupia ilikuwa sarafu ya madini ya fedha. Mkopaji alikuwa yule yule na soko lile lile, ila mavuno, yaani faida ya mwaka anayopata mwenye karatasi ya deni, hayakulingana: wenye karatasi za rupia walidai zaidi.

Sababu ilikuwa wazi kwa kila mfanyabiashara wa Bahari ya Hindi. Tangu miaka ya 1870 madini ya fedha yalikuwa yakipoteza thamani mbele ya dhahabu. Rupia, iliyokuwa karibu shilingi mbili za Kiingereza mwanzoni mwa muongo huo, ilikuwa imeshuka chini ya shilingi moja na nusu kufikia 1893, mwaka ambao India iliacha kumfulia sarafu yeyote aliyeleta madini yake ya fedha. Na rupia hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikizunguka Zanzibar na Mombasa. Tajiri wa Unguja aliyekopesha rupia kwa ajili ya msimu wa karafuu alikabili hesabu ile ile ya London: atarudishiwa rupia alizoahidiwa, kamili, lakini zitampa dhahabu pungufu kuliko alipozitoa.

Fisher alichokiona ni kwamba pengo kati ya mavuno ya rupia na mavuno ya dhahabu lilikuwa makisio ya soko kuhusu jinsi rupia *itakavyoshuka*. Halikuwa kumbukumbu ya jinsi ilivyoshuka. Aliona pia kwamba watu hukisia vibaya, na huchelewa kubadilisha makisio yao hata mambo yanapokuwa yamebadilika. Sehemu hii ya pili husahauliwa sana, nayo ni muhimu: riba halisi unayoitarajia siku ya kukopesha na ile unayoipata mwishoni ni namba mbili tofauti.

Kenya ilitupa mfano mzuri. Februari 2024 serikali iliuza hatifungani ya miundombinu ya miaka 8 na nusu yenye riba ya karibu asilimia 18.5, isiyokatwa kodi. Mfumuko wa bei wakati huo ulikuwa zaidi ya asilimia 6, na shilingi ya Kenya ilikuwa imepigwa vibaya. Mtu mwenye hofu, aliyedhani bei zitazidi kupanda, aliona riba halisi ya kawaida tu. Kufikia Oktoba mwaka ule mfumuko ulikuwa umeshuka hadi asilimia 2.7. Riba iliyoandikwa kwenye karatasi haikubadilika hata kidogo, ila riba halisi aliyoipata mwenye karatasi ilikuwa nono kuliko alivyotarajia. Alichokosea kukisia ni upande wa bei.

Kwa Marekani hatuhitaji kubahatisha sana. Tangu Januari 1997 Hazina ya nchi hiyo huuza hatifungani ambazo mtaji wake hupandishwa kadiri bei za bidhaa zinavyopanda (Uingereza iliwatangulia mwaka 1981). Mnunuzi wa karatasi hizo ameshakingwa dhidi ya mfumuko, kwa hiyo mavuno anayoyakubali *ni* riba halisi yenyewe. Na ukiyalinganisha na mavuno ya hatifungani za kawaida za muda ule ule, tofauti yake inakuonyesha, kwa ukaribu, mfumuko ambao soko linautarajia.

Sasa turudi 2022. Mwanzoni mwa mwaka, mavuno ya karatasi hizo za miaka 10 yalikuwa karibu asilimia 1 chini ya sifuri. Mwishoni yalikuwa karibu 1.5 juu ya sifuri. Benki Kuu ya Marekani ilikuwa imepandisha riba yake kutoka karibu na sifuri hadi zaidi ya asilimia 4, na soko likaamini kwamba mfumuko ule utadhibitiwa. Matarajio ya miaka 10 yalibaki karibu na asilimia 2 na nusu hata bei za wakati ule zilipokuwa zinawaka. Riba iliyotajwa ilipanda sana, matarajio ya mfumuko yakakaa palepale, na kilichobaki kupanda ni riba halisi. Wakati huo huo waliokuwa wakitoa asilimia 9.1 kutoka kwenye riba walikuwa wanatangaza kwamba riba halisi iko chini kuliko wakati wowote. Walishika namba ya nyuma wakati soko linahesabu ya mbele.

Dhahabu inaumia riba halisi ikipanda kwa sababu haizai. Haina riba, haina gawio, na kuihifadhi kuna gharama. Karatasi ya serikali ikikupa chini ya sifuri baada ya mfumuko, kukaa na kitu kisichozaa si hasara. Ndiyo hali ya Agosti 2020. Karatasi hiyo hiyo ikianza kukupa asilimia 1.5 juu ya mfumuko, kwa uhakika, kila mwaka unaokaa na dhahabu unaachia kitu. Haya hayakuanza juzi. Januari 1980 dhahabu ilifika dola 850, baada ya miaka ambayo riba za Marekani zilikuwa zikizidiwa na mfumuko. Kisha Paul Volcker, mwenyekiti wa Benki Kuu, akaachia riba za muda mfupi zipande hadi karibu asilimia 20 mwaka 1981. Mfumuko wa mwaka huo bado ulikuwa karibu asilimia 10. Dhahabu haikungoja mfumuko ushuke. Katikati ya 1982 ilikuwa karibu dola 300.

Hisa za teknolojia hupigwa na kitu hicho hicho kwa njia nyingine. Kampuni changa ya programu inaweza isipate faida leo, na thamani yake karibu yote iko kwenye faida za miaka 10, 15, 20 ijayo. Faida hizo lazima zirudishwe kwenye thamani ya leo, na kinachozirudisha ni riba halisi. Hapa hesabu inasema zaidi ya maneno. Chukua dola 100 halisi, yaani zilizokwisha kuondolewa mfumuko, zitakazopatikana baada ya miaka 20. Kwa riba halisi ya asilimia 1 chini ya sifuri, thamani yake leo ni karibu dola 122. Kwa riba halisi ya 1.5, ni karibu dola 74. Zimepungua kwa karibu asilimia 40, bila kampuni kufanya kosa lolote. Sasa chukua dola 100 za baada ya miaka miwili: zinatoka 102 hadi 97, mtikisiko mdogo tu. Ndiyo maana riba halisi ilipofanya safari hiyo hiyo mwaka 2022, fahirisi ya Nasdaq, kipimo cha bei za hisa za Marekani kilichojaa kampuni za teknolojia, ilipoteza karibu theluthi moja. Soko huongeza pia malipo ya hatari (faida ya ziada ambayo mwekezaji hudai kwa kubeba hatari) juu ya riba halisi, kwa hiyo bei hazifuati hesabu hii neno kwa neno. Mwelekeo ndio unaofuatwa.

Kuna swali jingine ambalo kwetu Afrika Mashariki linapaswa kuulizwa mapema zaidi: riba halisi ya nani? Benki Kuu ya Tanzania ilianza kutumia riba yake ya sera, ile inayoongoza riba za mabenki, Januari 2024 kwa asilimia 5.5, na Julai 2025 ikaiweka 5.75, wakati mfumuko ukizunguka asilimia 3. Hiyo ni riba halisi chanya, na inamhusu sana mwenye amana ya shilingi, mnunuzi wa hatifungani za Dar es Salaam na mkopaji wa kujenga nyumba. Lakini riba hiyo haiigusi bei ya dhahabu duniani. Dhahabu inauzwa kwa dola, na washindani wake wakubwa ni karatasi za dola. Mtu wa Geita au Kahama anayetaka kujua bei inaelekea wapi aangalie riba halisi ya Marekani, kisha thamani ya shilingi mbele ya dola. Riba ya nyumbani inaamua kama *wewe* una sababu ya kuikimbia sarafu yako. Uturuki iliona hivyo mwishoni mwa 2022: mfumuko ulikuwa umepita asilimia 85, riba ya benki kuu ikiwa karibu asilimia 10, na familia zikakimbilia dhahabu. Walikuwa sahihi kwa lira zao, katika mwaka ule ule ambao dhahabu kwa dola ilikuwa imeteremka.

Tangu hapo limezuka kosa la upande wa pili, na hili husemwa na watu waliosoma vizuri: kwamba uhusiano huu umekufa. Wana hoja. Mwaka 2023 riba halisi ya Marekani ya miaka 10 ilikaribia asilimia 2.5, na dhahabu haikuanguka. Ikapanda hadi kupita dola 3,000 mwezi Machi 2025 na 4,000 mwezi Oktoba. Nasdaq nayo ilipanda zaidi ya asilimia 40 mwaka huo huo wa 2023.

Lakini tazama nani alikuwa ananunua. Baada ya akiba ya Urusi ya mamia ya mabilioni ya dola kuzuiwa na nchi za Magharibi Februari 2022, benki kuu za dunia zilinunua zaidi ya tani 1,000 za dhahabu kila mwaka kwa miaka mitatu mfululizo. Mnunuzi wa namna hiyo halinganishi dhahabu na karatasi inayotoa asilimia 2. Anataka kitu ambacho serikali nyingine haiwezi kukizuia. Kwenye teknolojia, faida za akili unde, kampuni ya chipu za kompyuta ya Nvidia ikiwa mbele, ziliongezeka na kusogea karibu, na faida iliyo karibu haitikiswi sana na riba, kama tulivyoona kwenye zile dola 100 za miaka miwili.

Kwa hiyo ningeomba tuseme hivi: riba halisi bado inavuta dhahabu kushuka, ila tangu 2022 kuna mnunuzi mwingine anayeivuta kupanda kwa nguvu zaidi. Na kabla ya kusema riba halisi imepanda au imeshuka, tusitoe mfumuko wa mwezi uliopita. Hazina ya Marekani hutangaza mavuno ya hatifungani zinazofuata mfumuko kila siku ya kazi, bure, kwenye tovuti yake. Tafuta safuwima ya miaka 10.