Subnautica: gemu inayopimwa kwa pumzi

Kazi yangu ni kubuni sheria za gemu: nini kiwe adimu, nini kipatikane kirahisi, mchezaji abanwe wapi na alegezewe wapi. Kwa hiyo gemu za kunusurika huwa nazitazama kwa jicho la fundi, na nyingi hunichosha mapema. Unakata miti, unavunja mawe, unajaza mkoba, unarudia. Subnautica ya studio ya Unknown Worlds ilitoka rasmi Januari 2018, baada ya kuuzwa kwa miaka mitatu na ushee ikiwa bado inajengwa, na mimi ndiyo kwanza naiingia. Imenishika kwa sababu moja: kila kitu ndani yake unakilipia kwa pumzi.

Meli ya angani, Aurora, imeanguka kwenye sayari iliyofunikwa na bahari. Wewe umenusurika ndani ya chombo kidogo kinachoelea, chenye kabati na mashine ya kuundia vifaa. Unajitosa majini, na oksijeni uliyonayo ni ya sekunde 45.

Chukua mfano wa jiwe la chokaa lililo chini kidogo. Kushuka kunakula sehemu ya pumzi, kupanda kunakula nyingine, na kinachobaki katikati ndiyo muda wako wa kazi. Jiwe ukilivunja hutoa titani au shaba, na huwezi kujua ipi kabla hujalivunja. Ulitaka shaba ya kutengenezea betri, imetoka titani. Jiwe la pili liko pale pale karibu, na pumzi itatosha ikiwa hakuna kitakachokuchelewesha. Unakwenda au unapanda? Hakuna adui hapo wala saa ya kuhesabu misheni, lakini mkono unabana. Kwa mtu wa fani yangu, kupata wasiwasi mkubwa namna hiyo kutokana na mawe mawili ni kazi ya hali ya juu.

Titani tatu zinatosha kuunda mtungi wa kwanza, nao unaongeza sekunde 30. Katika gemu nyingi kifaa kipya huongeza nguvu ya kupiga. Hapa kinaongeza eneo. Pango uliloishia mlangoni sasa unaingia hadi ndani, unachukua salfa, unatoka mzima. Mapezi ya kuogelea nayo yanafanya kazi hiyohiyo kwa njia nyingine, kwa kuwa ukienda kasi sekunde zilezile zinakufikisha mbali zaidi. Gemu yenyewe haikupi ramani, na hata dira ni lazima uiunde. Mpaka wako ni pale unapotakiwa kugeuka.

Ukipita mita 100 oksijeni inaisha haraka zaidi, mpaka uunde kifaa maalumu cha kupumulia. Hilo lina asili ya kweli: anayezamia na mtungi hutumia hewa nyingi zaidi kadiri anavyoshuka, kwa sababu mgandamizo wa maji hufanya kila pumzi ibebe hewa zaidi. Lakini gemu haikuadhibu kwa kupanda haraka, jambo ambalo kwa mzamiaji halisi linaweza kuua. Nawaunga mkono walioliacha nje. Kukimbilia juu sekunde za mwisho, mwanga ukizidi kuongezeka, ndiyo sehemu tamu kuliko zote, na kuiwekea adhabu kungeiua.

Sauti inastahili sifa zake. Karibu na mabaki ya Aurora anaishi Reaper Leviathan, na utamsikia kabla hujamwona. Kompyuta yako ya mkononi inaeleza kwamba mngurumo ule ndio macho yake: anaona kwa mwangwi, hivyo ukiusikia, naye anaweza kukuona. Sentensi moja tu, na kila kelele ya mbali inageuka habari. Chezeni na hedifoni.

Bunduki za kuua hakuna. Charlie Cleveland, aliyeongoza utengenezaji wake, alieleza kwamba mauaji ya shule ya Sandy Hook, Marekani, Desemba 2012, yalichangia uamuzi huo. Kwa upande wa ubunifu, uamuzi huo unalinda pumzi. Mtu mwenye bunduki angebaki kupigana. Asiye nayo anajificha, anazunguka, au anakimbia, na yote matatu yanamla oksijeni.

Njaa na kiu ndivyo vilivyonipa shaka. Samaki wa Bladderfish anageuzwa maji ya kunywa, wazo zuri mara ya kwanza, lakini muda si mrefu linakuwa kazi ya nyumbani. Ipo hali ya kucheza inayoondoa njaa na kiu na kubakiza oksijeni. Kwa anayeanza, ningemshauri aanze na hiyo.

Sasa nimeunda Seamoth, nyambizi ndogo ya mtu mmoja. Ndani yake unapumua bila kuhesabu, ila mwili wake unahimili mita 200 tu kabla ya kuanza kupondeka. Kipimo kimehama kutoka sekunde kwenda mita. Nikishaiboresha ishuke zaidi, nataka kuona kama wasiwasi ule wa mawe mawili utahimili mtu akiwa amekaa kwenye kiti.