Asilimia 18 ya nini? Soseji, karanga na semina ya Jumatano

Kila Jumatano saa nane mchana idara yetu inakuwa na semina ya afya ya jamii, mlango wazi kwa yeyote, na niseme ukweli nusu ya ukumbi huwa wamefuata sambusa. Siwalaumu, mimi mwenyewe enzi za uanafunzi nilianzia kwenye sambusa hizo hizo. Ila semina ambayo haitoki kichwani ni ile niliyoiharibu mwenyewe.

Nilikuwa naongelea vyakula na kansa. Nikaweka slaidi imeandikwa kwa herufi kubwa: gramu 50 za nyama ya kusindika kila siku zinaongeza hatari ya kansa ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Namba ni ya kweli kabisa, ilitolewa Oktoba 2015 na IARC, lile shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO kule Lyon, Ufaransa, baada ya wataalamu 22 kutoka nchi 10 kukaa na kupitia tafiti. Gramu 50 ni kama soseji moja hivi. Nikaisoma, nikapita, maana muda ulikuwa unanikimbiza.

Muda wa maswali mama anayetuuzia chai na vitafunwa, aliyekuwa bado amesimama pale mlangoni na kapu lake, akanyoosha mkono. "Samahani dokta, yaani wakila soseji zangu watu mia, kumi na nane wanapata kansa?"

Nikaishiwa maneno, maana ukiangalia ile slaidi ndicho ilichosema.

Sasa iko hivi. Swali la kwanza ukisikia asilimia ni: ya nini? Chukua watu 100 wasiogusa soseji, tuseme 5 kati yao wataipata kansa hiyo maishani (kwa wazungu inacheza huko huko, kwetu ni chini zaidi). Asilimia 18 ni ya hao 5, siyo ya ile mia, na asilimia 18 ya 5 ni 0.9, haifiki hata mtu mmoja. Kwa hiyo kwenye mia wanaokula kila siku unatoka watu 5 unaenda karibu 6. Siyo kitu cha kupuuza kwa nchi nzima, lakini siyo 18 bana.

Kijana wa mwaka wa pili naye akadakia, mbona basi soseji imewekwa kundi moja na sigara? Swali hilo lilikuwa bora kuliko slaidi zangu zote. IARC wanapanga vitu kwa makundi kufuatana na uzito wa ushahidi, na Kundi la 1 linasema tu kwamba ushahidi umetosha kuwa kitu kinaleta kansa, halisemi madhara ni makubwa kiasi gani. Mwizi wa kuku na mwizi wa benki wote wanaweza kukutwa na hatia, kifungo ndo hakilingani. Sigara inazidisha hatari ya kansa ya mapafu mara 15 mpaka 30, hapo huwezi kuitaja soseji. Nyama nyekundu, ya ng'ombe au mbuzi, iko kundi la 2A, ushahidi wake bado haujakaza hivyo.

Alafu kwenye kundi hilo hilo la 1 kuna sumukuvu, na hii ndo ningeanza nayo siku ile kama ningekuwa na akili. Inatoka kwenye kuvu wa mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri, inaleta kansa ya ini, hasa kwa mwenye homa ya ini aina ya B, na ikizidi inaua ndani ya siku chache: mashariki mwa Kenya mwaka 2004 waliugua watu 317 wakafa 125, na 2016 ikatukuta na sisi, Dodoma na Manyara. Kupika hakuimalizi.

Mama akatoa mfuko wa karanga kwenye kapu, tukazimwaga pembeni ya projekta tukaanza kupembua, zilizosinyaa huku, zenye ukungu huku, zilizobadilika rangi huku, nikimwambia hata inayong'aa inaweza kuwa nayo ila ukitoa hizi umepunguza sana. Hakuna aliyekumbuka sambusa.

Slaidi ile nimeifuta. Siku hizi nachora vidoti 100, vitano vyekundu, cha sita nimekipaka karibu chote. Mara ya kwanza kukionyesha mama akaniuliza, "Na hiki mbona hujakimalizia?"