Kuku Kabla ya Twiga: Sanaa za Wanyama kwa Watoto Wadogo

Vituo vingi vya kulelea watoto mchana na madarasa mengi ya awali huanza mada ya wanyama kwa simba, tembo na twiga, pengine kwa sababu ndio waliochorwa ukutani. Kwa mtoto wa miaka mitatu ambaye hajafika mbugani, hao ni picha tu. Anaowafahamu ni kuku wanaoparua uani, mbuzi wa jirani, paka, na konokono anayejitokeza baada ya mvua. Tunawashauri walezi waanze kazi ya mikono kwa kumtazama mnyama aliye hai, kwa dakika chache, huku wakiuliza maswali mepesi: ana miguu mingapi, anakunywaje maji, amefunikwa na nini.

Mikono ya mtoto nayo ina ratiba yake. Wa mwaka mmoja na nusu hushika kalamu ya rangi kwa kiganja kizima na kuisukuma kwa nguvu za bega, ilhali ushikaji wa vidole vitatu kwa wengi hukomaa kati ya miaka minne na mitano. Kumtaka ajaze rangi ndani ya mistari ni kumchosha bure. Mpe boksi lililofunguliwa akwaruze apendavyo. Akifika miaka mitatu au minne, kuku wake huenda akawa kichwa kikubwa kilichootesha miguu, bila kiwiliwili. Hiyo ni hatua ya kawaida na haihitaji kusahihishwa.

Udongo wa mfinyanzi ndio tunaoupendekeza kuliko vifaa vyote, kwa sababu gharama yake ni ndogo au hakuna kabisa, na kazi isiyoridhisha hufinyangwa upya papo hapo. Watoto wachungaji wamekuwa wakiumba ng'ombe wa udongo tangu zamani bila mwalimu, na hakuna sababu ya mtoto wa mjini kukosa nafasi hiyo. Uchimbwe mbali na choo na zizi, chini ya tabaka la juu ambamo mayai ya minyoo hukaa, uchambuliwe mawe na vipande vya chupa, kisha ukandwe hadi usinate vidoleni. Baada ya kazi watoto wanawe kwa sabuni. Mtoto wa miaka miwili ataviringisha nyoka, na hilo latosha. Wa miaka minne ataunganisha kichwa, kiwiliwili na miguu, kisha aone mwenyewe kwamba miguu myembamba haibebi tumbo kubwa. Mwache atafute dawa yake. Pasipo udongo, kanda vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi na takriban kimoja cha maji, lakini usimwache peke yake mtoto anayekula kila anachoshika, kwani chumvi hiyo ni nyingi mno kwake.

Kuhusu rangi, tuna mfano wa Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyeanza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968, na ambaye wanyama wenye madoa wamekuwa alama ya mtindo unaobeba jina lake. Madoa yanawafaa sana wadogo. Mtoto achane karatasi nyeusi apate umbo la ndege kanga kadiri awezavyo, achovye kidole katika uji mzito wa unga, kisha agonge madoa meupe. Uji huohuo ukitiwa manjano hutoa rangi ya njano. Rangi za mafuta alizotumia Tingatinga si za watoto, wala piko, ile rangi nyeusi ya nywele, isipakwe viganjani mwao.

Chochote kinachopenya katika bomba la karatasi ya chooni kisipewe mtoto wa chini ya miaka mitatu, zikiwamo shanga, vifungo na maharage yanayopendwa kuwa macho ya wanyama. Nukta ya kalamu yatosha. Mbegu za mbarika, na zile nyekundu zenye doa jeusi, ni sumu na zisitumike kwa umri wowote. Utomvu wa mnyaa huunguza macho.

Mzazi akikuta ukutani sungura ishirini wanaofanana, ajue aliyefanya kazi ni mwalimu. Kazi za watoto zitundikwe kwenye usawa wa macho yao, na nyuma ya kila moja ziandikwe tarehe na maneno ya mtoto kama alivyoyatamka, ili mwisho wa muhula mzazi na mwalimu waone pia jinsi lugha yake ilivyokua.