Rita na mayai yake: neva zinajuaje pa kwenda?

Swali tunalopata sana kitengoni kwetu ni neva zinajuaje pa kwenda mwilini, na mi huwa naanzia kwenye chumba cha kulala cha dada mmoja kule Turin, Italia.

Rita Levi-Montalcini kazaliwa 1909, yeye na pacha wake Paola, na mzee wao hakutaka mabinti waende chuo. Rita akakomaa, 1936 akamaliza udaktari. Mara 1938 Mussolini, mtawala wa Italia, kaleta sheria za kuwabagua Wayahudi, na yeye alikuwa Myahudi, basi kazi ya chuo ikafa hapo hapo. Akaamua maabara iwe chumbani kwake, sindano za kushonea akazinoa zikawa vifaa vya kupasulia, mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia yalipozidi wakahamia kijijini akaendelea huko huko. Mayai aliomba kwa wakulima, eti ya watoto wake (watoto gani, hakuolewa mpaka anafariki!), akishatoa kiinitete (kifaranga kinachoanza kuumbika) achunguze neva zake, yai linaenda jikoni, kaka yake alipokuja kujua akagoma kula.

Sasa, Viktor Hamburger, mwanabiolojia kule Marekani, alishaona kwamba ukikata chipukizi la bawa la kifaranga ndani ya yai, seli za neva za upande ule zinakuwa chache, akadhani hazikutokea. Rita akahesabu hatua kwa hatua, akaona hapana, zinatokea vizuri tu, zinaanza safari, halafu zinakufa kwa kukosa kitu fulani. Matokeo yale yale ila maana nyingine kabisa, na kwangu mimi hapo ndo penye kazi yenyewe, tuzo ni mambo ya baadaye. Hamburger hakununa, vita vilipoisha akamwita St. Louis kwa muda mfupi, dada akakaa kama miaka 30.

Hicho "kitu" alikiona 1952 Rio de Janeiro, alikoenda kwa ndege na panya wenye uvimbe: ukiweka kipande cha uvimbe karibu na neva, nyuzi zinachomoza pande zote kama miale ya jua. Stanley Cohen, mtu wa baiokemia, akaja kukichuja, wakakikuta kwa wingi kwenye sumu ya nyoka na tezi za mate za panya, kumbe ni protini ya kukuza neva: baadhi ya neva hukua kuelekea iliko, zikiikosa zinakufa. Nobel wakapewa wao wawili 1986, Hamburger akaachwa, na wengine tunanung'unika mpaka leo.

Rita kafariki 2012 akiwa na miaka 103. Miaka michache baadaye, 2018, Marekani wakaidhinisha dawa ya matone ya macho iliyotengenezwa kwa protini ile ile, kwa wagonjwa ambao kioo cha mbele cha jicho (konea) kimepoteza neva zake na vidonda havitaki kupona.